Malkia Asiye na Macho

Kumtia rangi malkia mwenye kimo cha kidole gumba ni kazi inayotaka mkono uliotulia, na Jumamosi hiyo Wavinya hakuwa na utulivu hata wa kushika kikombe cha chai. Alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni mwa karakana ya baba yake, ile ya mabati iliyoegemezwa ubavuni mwa nyumba yao kule mtaani Umoja, mahali ambapo mwanga wa saa nane huingia kabla ghorofa la jirani halijauziba. Malkia alikuwa amebandikwa kwa gundi juu ya kifuniko cha soda ili ashikike bila kuguswa. Alikuwa amempanda fisi. Joho lake jekundu lilikuwa tayari, na ndani ya kila kunjo Wavinya alikuwa amepitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, mpaka ungedhani upepo unalipeperusha. Shanga zilikuwa tayari, moja moja. Kucha za fisi pia. Kilichobaki ni macho tu.

Na hayo macho, Wavinya alikuwa ameyakwepa kwa siku nne.

Usimdharau huyo malkia kwa udogo wake. Alikuwa jemadari wa jeshi jipya la visanamu arobaini, jeshi la mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa dadu na futi ya fundi cherehani, watu wazima wakiinamia meza na kubishana kama wako mahakamani. Mchezo wenyewe ulibuniwa na Wekulo, kijana wa Kariobangi aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya kumimina plastiki. Mchana alimimina vishikio vya sufuria. Jioni, tajiri wake akishakwenda zake, alimimina mashujaa. Kila Jumapili alasiri yeye na wenzake walikutana katika ukumbi wa kanisa wakapiganisha majeshi yao, na walikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kisanamu ambacho hakijatiwa rangi hakiingii vitani.

Watu walimcheka sana Wekulo. Walimcheka mpaka siku mama mmoja wa Kigali, aliyekuwa akifungua nyumba ya michezo, alipoona picha za visanamu vyake akampigia simu. Njoo, alimwambia, njoo na jeshi jipya lililokamilika, ukae nasi miaka mitatu utengeneze mengine na ufundishe vijana. Basi la Wekulo lilikuwa linaondoka kesho alfajiri.

Kabla ya kuondoka alikuwa amemwomba Wavinya mambo mawili. La kwanza, amtie rangi malkia, kwa kuwa hakuna mkono Eastlands nzima aliouamini kama wake. La pili, afuatane naye akiwa mkewe. La kwanza Wavinya alilikubali kabla hajamaliza kulisema. La pili alilikataa mara tatu, na mara zote tatu hakutoa sababu, akaenda nyumbani akalia hadi mto ukalowa.

Sababu ilikuwa imekaa hatua sita nyuma yake, juu ya gunia, ikimkwangua swala wa mti wa jakaranda kwa kisu.

Mzee Kivuva alikuwa amechonga kwa zaidi ya miaka arobaini. Swala wake walijulikana soko la Kariokor na kwingineko kwa jambo moja, macho. Walikuwa wanakutazama kama wamekusikia ukikanyaga jani. Wanunuzi waliwashika, wakawageuza, wakasema huyu mzee ana kipaji. Wasichokijua ni kwamba kwa miaka mitatu macho hayo yalikuwa yakiwekwa na Wavinya. Daktari aliuita ugonjwa ule presha ya macho, akasema ulichelewa kuletwa. Sasa mzee aliona mwanga na kivuli, basi. Kuchonga aliweza, maana vidole vyake vilimjua swala kuliko swala anavyojijua. Kuweka macho hakuweza.

Siri hiyo waliijua watu wawili tu duniani. Mzee alimwapisha binti yake mbele ya picha ya marehemu mkewe, Nthoki, mama wa Wavinya. "Ndeti akijua, atanipeleka kijijini Mwala nikakae chini ya ukuta kama jembe lililovunjika mpini," alisema. Ndeti alikuwa mwanawe mkubwa, dereva wa lori, mtu mwema lakini wa haraka, na kweli alikuwa ameshaanza kusema kwamba nyumba ya Umoja ipangishwe, baba arudi nyumbani apumzike. "Usimwambie mtu, Wavinya. Hata ukiolewa, usimwambie mumeo." Wavinya aliapa. Alimjua baba yake. Mzee huyo akipumzishwa bila tezo mkononi, mwaka haumalizi.

Basi angeolewaje? Nani angewawekea swala macho yao?

Na katika nyumba hiyo macho hayakuwa jambo la mchezo. Mzee Kivuva alikuwa na mwiko wake, wachongaji wenzake walimtania kwa ajili yake na hakujali: macho huwekwa mwisho kabisa, na huwekwa siku ile ile kitu kinapoondoka. Hakuna swala aliyewahi kulala kwake akiwa na macho. "Kikishaona," alikuwa akimwambia Wavinya tangu akiwa mtoto wa kubebwa, "kinataka kwenda."

Geti likalia. Wavinya hakuhitaji kuinua kichwa, hatua zile alizijua.

"Sasa, Wavi."

"Poa. Umekuja mapema."

"Nimeshindwa kukaa kwa nyumba. Shangazi Ayuma ananifungia chapati huku akilia, machozi yote kwa unga. Manze, hizo chapati zitakuwa na chumvi."

Wavinya alicheka, kisha akajilaumu kwa kucheka. Wekulo alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na viatu vipya vilivyolia alipojikunja. Kwapani alikuwa na sanduku la mbao alilolitandika sponji, ndani yake askari thelathini na tisa wamelala kila mmoja kwenye shimo lake. Shimo moja, la katikati, lilikuwa tupu.

Alimtazama malkia kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Wavinya kwa muda mrefu zaidi, na Wavinya akajikuta hana pa kuweka uso wake.

"Bado haoni?" Wekulo aliuliza.

"Bado."

"Mimi ningekuwa nimeanza na macho. Ukikosea mwanzo, unafunika uso wote, unaanza upya. Ukikosea mwisho, umeharibu kazi yote."

"Hapa tunamaliza na macho."

"Najua," alisema Wekulo, sauti yake ikashuka. "Uliniambia. Ndiyo maana nimekuja nikiomba nikute bado."

Wavinya aliigeuza brashi kati ya vidole vyake. "Na sijakusamehe. Wanawake wote wa vita wanapanda farasi. Mimi umenipandisha fisi."

"Nani amesema ni wewe?"

"Wekulo. Hicho kidevu mimi hukiona kila asubuhi kwa kioo."

"Basi ni wewe. Na fisi ni mimi," alisema. "Nakufuata kila mahali, watu wananicheka, na sichoki."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, kijana huyo. Walipokutana mara ya kwanza, kwenye kibanda chao Kariokor, alimshika swala akauliza ni nani aliyemwekea macho. Wavinya alisema baba. Wekulo hakubisha, aliangalia tu kidole kidogo cha mkono wa kulia wa Wavinya, palipokuwa na doa la rangi nyeusi, akasema, "Mwambie baba nampenda." Ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Wavinya alikumbuka mpaka rangi ya soksi zake.

"Nipe sababu," Wekulo alisema sasa. "Sitabishana. Nataka tu kujua nimeachwa kwa nini. Kama hunipendi sema, nitaondoka hata chai sinywi."

"Sitasema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utaondoka bila kunywa chai."

Hakuna aliyecheka. Wekulo aliushika mkono wake, ule wenye brashi, taratibu, kama mtu anayejua thamani ya mkono huo.

"Ni mzee? Ni kwa sababu sisi ni watu wa Bungoma? Wazee wangu wako tayari, Wavi. Wataleta mbuzi watatu vile mila yenu inataka. Mjomba wangu ameshaanza kujifunza kusalimia kwa Kikamba, anaua watu na kicheko pale Kariobangi."

"Si hilo."

"Basi ni nini?"

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Angelitema lingechukua muda wa pumzi moja. Lakini nyuma yake kisu kilikuwa kimeacha kukwangua, na Wavinya akajua kwamba mzee anasikiliza.

"Wavinya!" sauti ikatoka ndani. "Naona una mgeni."

Mzee alikuwa na tabia hiyo tangu macho yalipofifia, kila sentensi aliipachika neno naona. Naona mvua inakuja. Naona umesuka nywele. Watu waliondoka kwake wakisema mzee haachwi na jambo.

"Ni Wekulo, baba."

"Mwambie aingie. Nimemwona tangu getini."

Wekulo alisimama, akajipangusa magoti, akaingia. Wavinya alimfuata akiwa bado amemshika malkia kwa kifuniko chake.

"Habari ya mchana, mzee."

"Njema. Naona umevaa vizuri leo. Viatu vipya."

"Ndiyo, mzee. Kesho nasafiri. Nimekuja kuaga, na nimekuja kuomba tena. Nikiondoka bila kuomba tena nitajuta."

Mzee Kivuva alipitisha kidole gumba kwenye mgongo wa swala wake, akapuliza vumbi. "Kijana, mimi sina ubaya na wewe. Sina ubaya na watu wako. Lakini nikuulize. Huko Kigali binti yangu atakula nini, dadu? Mimi nimelisha watoto kwa mti, na mti ni kitu mtu ananunua akaweka sebuleni, akampa mgeni wake. Wewe unatengeneza askari wa kuchezea. Mwanaume mwenye ndevu anacheza!"

"Baba," Wavinya alisema.

"Niache niseme. Mwanaume anacheza, na anataka kumpeleka mtoto wangu nchi ya watu akamtazame akicheza."

Wekulo alikuwa ameinamisha kichwa. "Mzee, sijaja kubishana. Ila kazi yangu hujawahi kuiona. Uione kwanza, halafu ukikataa, umekataa kitu ulichokijua."

Mzee aliweka swala chini, akanyoosha mkono wake mkubwa, wazi, kuelekea palipotoka sauti.

"Haya. Kilete nikione."

Wavinya alitamani kusema rangi haijakauka, akachelewa. Wekulo alimchukua malkia mkononi mwake, akamweka katika kiganja cha mzee kwa adabu ya mtu anayetoa sadaka.

Mzee Kivuva alimleta karibu na uso, kama watu waonao wafanyavyo. Lakini aliyekuwa akifanya kazi ni kidole gumba. Kilipita juu ya mgongo wa fisi, kikapanda kwenye mikunjo ya joho, kikahesabu shanga. Wavinya aliona midomo ya baba yake ikilegea. Ulikuwa uso wa fundi aliyekutana na fundi, na hakuwa ameuona kwake kwa miaka. Kidole kilifika usoni. Kikagusa kidevu, kikatulia. Kikarudi kukigusa tena. Wavinya alijua baba yake amemjua. Kidevu hicho ndicho alichokuwa akikifuta uji zamani, mama yake alipokuwa hospitalini.

Mzee alikohoa. Na labda ilikuwa ni kuficha kile alichokitambua, labda ni kiburi tu cha kutaka kuonekana ameona, Mungu ndiye ajuaye. Alisema:

"Umechonga vizuri, siwezi kusema uongo. Na Wavinya naye amemwekea macho mazuri. Yananitazama kabisa."

Wekulo na Wavinya wakaangalia kiganjani mwake.

Uso wa malkia ulikuwa wa kahawia mtupu, laini, kutoka paji hadi kidevu. Hapakuwa na nukta.

Wekulo alifungua mdomo, na akaufunga. Alimtazama mzee, safari hii akimtazama kweli. Aliona macho ya yule mzee yakiwa yameelekezwa juu kidogo ya bega lake, kwenye mabati, mahali pasipokuwa na mtu. Kisha akageuka kwa Wavinya. Wavinya alitikisa kichwa mara moja tu, machozi yakimshuka bila sauti, na katika mtazamo ule Wekulo alisoma yote, zile hapana tatu, swala wote wa Kariokor, lile doa jeusi kwenye kidole.

"Asante, mzee," alisema. Sauti yake haikutetemeka, na kwa hilo Wavinya alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda. "Macho ni kazi yake. Hapo mimi simfikii hata nusu."

"Hata mimi naona," alisema mzee.

"Na nimekuelewa. Sitakusumbua tena."

Alimchukua malkia kutoka kwenye kile kiganja, akatoka nje. Mzee alibaki na mkono wake umenyooka hewani, akishangaa ushindi ulivyokuwa rahisi.

Nje walikaa kando kando juu ya kigoda kimoja, mabega yakigusana.

"Tangu lini?" Wekulo alinong'ona.

"Miaka mitatu."

"Na wale swala?"

"Wote."

"Wavi, ungeniambia. Mimi nilikuwa nalala nikifikiria ni kabila, ni kazi yangu, ni meno yangu..."

"Niliapa mbele ya picha ya mama. Na hata sasa sijakuambia. Amekuambia mwenyewe."

Wekulo alijifuta uso kwa mkono wa shati lake jeupe. "Basi siendi."

"Utaenda."

"Siendi. Nitampigia yule mama simu sasa hivi. Nitabaki nimpigie mzee msasa, nimbebee magogo. Vishikio vya sufuria bado vipo."

"Mwaka wa kwanza utafurahi," Wavinya alisema. "Mwaka wa pili utanyamaza. Wa tatu utakuwa unamsikia baba akikohoa, unawaza, huyu ndiye aliyenizuia. Hutasema, kwa sababu wewe ni mtu mzuri. Lakini nitaona. Mimi macho ninayo."

"Twende naye, basi."

"Kigali? Hapa anajua kila msumari. Kutoka kitandani mpaka kwa gunia lake ni hatua kumi na nne, amezihesabu. Akitoka hapo getini bila mimi amepotea. Na Ndeti akijua tu, ni Mwala. Nitakuwa nimeolewa juu ya maziko yake."

Unaweza kubishana na mzee mkaidi, unaweza kubishana na mila, lakini utabishana vipi na hatua kumi na nne? Jua lilikuwa limeanza kuligusa ghorofa la jirani. Mwanga ungebaki robo saa, si zaidi.

"Nishikie hapa," Wavinya alisema, akampa kifuniko cha soda.

"Unafanya nini?"

"Jeshi haliendi bila malkia."

Alichovya brashi nyembamba kuliko zote, ile aliyoipunguza nywele kwa wembe mpaka zikabaki chache, akaizungusha ncha yake kwenye ulimi ikachongoka. Wekulo alimshika kifundo cha mkono.

"Weka moja," alisema. "Jicho moja tu, Wavi. La pili utaweka nikirudi. Miaka mitatu ni nini? Watu wanafungwa zaidi ya hiyo na wanarudi. Akiwa na jicho moja hajaondoka. Si ndivyo mnavyosema hapa? Atakuwa bado hajaondoka."

Lo, alivyotamani! Alibana pumzi, akaegemeza kidole kidogo kwenye kifuniko, akaweka jicho la kushoto. Mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Nukta nyeusi. Malkia akamtazama kwa upande mmoja, akimuuliza.

Angeweza kuishia hapo. Alijiona kabisa akiishia hapo. Akamwona pia Wekulo katika chumba cha kupanga, mji wa watu, akilifungua sanduku kila Jumapili kutazama mahali pa jicho lisilowekwa. Akamwona akipita mbele ya wasichana wazuri, wenye baba wanaoona, akiwaambia ana mtu nyumbani. Miaka mitatu, halafu arudi apate nini? Mzee Kivuva alikuwa na nguvu bado, na Wavinya kila usiku alimwomba Mungu ampe miaka ishirini. Hakuwa tayari kupenda mtu kwa namna ambayo ingemfanya ahesabu miaka ya baba yake.

Alichovya brashi tena.

"Wavi," Wekulo alisema. "Wavi, tafadhali."

Aliweka la pili.

Kazi ilikuwa safi. Hakuwahi kuweka macho mazuri kama yale, wala baadaye hakuweka tena. Malkia alikuwa anatazama mbele, mbali, kama mtu aliyeitwa.

"Anaona sasa," alisema Wavinya. "Mpeleke."

Wekulo alilia kama wanaume wanavyolia wakiwa kwa watu, bila sauti, mabega tu. Alingoja rangi ikauke, akambandua malkia kwenye kifuniko, akamlaza katika shimo la katikati, akafunga sanduku. Kifuniko cha soda alikitia mfukoni. Kisha akaushika uso wa Wavinya kwa mikono miwili, akampitishia kidole gumba kwenye kidevu, polepole, kutoka upande huu hadi ule.

"Nilikipata sawa," alisema.

"Ulikipata sawa."

Alipita mlangoni mwa karakana, akasimama. Siku zote alimwita mzee. Sasa alisema, "Kwaheri, baba."

Ndani hakukuwa na jibu mpaka viatu vile vipya vilipofika getini. Ndipo ikasikika sauti, ndogo, ya mtu asiyejua kama bado anasikiwa. "Safari njema, kijana."

Komeo likalia. Wavinya alisimama katikati ya ua akisikiliza viatu vikienda, vikichanganyika na vya watu wengine barabarani, mpaka asiweze tena kuvitofautisha. Alipoingia ndani, kisu cha baba yake kilikuwa chini. Swala alikuwa amelala juu ya mapaja yake.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Hakuwa na macho, sivyo?"

Wavinya alikiokota kile kisu, akakiweka karibu na gunia.

"Nilisema ana macho, mkanyamaza," alisema mzee. "Ndipo nikakumbuka hapa kwangu hakiwekwi jicho kabla ya siku. Sheria yangu mwenyewe." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Na yeye aliona. Aliona nimeumbuka."

"Aliona."

"Na hakusema."

"Hakutaka uaibike, baba."

Mzee Kivuva alivigeuza viganja vyake juu, kana kwamba kile kisanamu bado kimo. "Na mimi nikamwita mchezaji," alisema. "Kidevu kile ni chako. Hata mimi niliyekuzaa, katika mti wote nilioukata, sijawahi kukuchonga hata mara moja." Ghorofa la jirani lilishaziba mwanga, na kwake sasa karakana nzima ilikuwa kivuli kimoja. "Umemwekea?"

"Nimemwekea."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, baba."

Mkono wa mzee uliinuka ukimtafuta, ukapapasa hewa, ukamkosa, ukapapasa tena. Wavinya alipiga magoti mbele yake ili upate pa kutua. Ukatua kwenye shavu, ukakuta limelowa.

"Ungemwachia moja, mama," alisema Mzee Kivuva. "Moja tu. Angerudi."